Sindano Iliyongoja Hodi

Siku ya kuniaga, wenzangu wa kliniki ya kisukari walininunulia keki. Ndiyo, keki, na jina langu limeandikwa juu yake kwa sukari ya waridi. Nikawauliza, "Enyi wanangu, miaka yote niliyowafundisha mlikuwa mmelala?" Wakacheka, wakanikatia kipande kikubwa, nami nikala, maana mstaafu hakatai cha bure. Kisha muuguzi mmoja mpya akaniuliza zamani tulifanyaje, kabla ya hivi vikalamu vya insulini na vipimo vya tone la damu. Nikaanza kumjibu, muziki ukanishinda. Basi haya ndiyo majibu yake, na wengine wanaotaka wasome.

Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuja vilipojisikia kuja. Mshahara wa serikali nao kila mtu anaujua, hauna hadithi.

Nilizaliwa Kisugu, mtaa wa Kampala, katika nyumba ya watu waliotoka pwani na misafara ya biashara wakasahau kurudi. Nyumbani tulisema Kiswahili, tukapendana na kugombana kwa Kiswahili. Shuleni walinicheka kwa ajili hiyo. Lakini wanajeshi, ambao lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili, walipoishika nchi, Kiswahili changu kikawa mali ya hospitali nzima. Akiingia mtu mwenye buti, wenzangu wote walikumbuka ghafla kwamba wana kazi chumba cha pili. "Saada, wageni wako wamefika." Wageni wangu! Tangu lini? Na wako walionyamaza nilipoingia chumba cha chai, wakiogopa kwamba anayejua kuzungumza na askari anajua pia kuwapelekea maneno. Hilo liliniuma kuliko buti zenyewe. Sikuwahi kulisema, nalisema leo.

Siku yangu ya kwanza kliniki alinipokea Sista Nakiwala, muuguzi wa siku nyingi pale, Mganda wa makamo, Mkatoliki, mfupi, mwenye mikono midogo isiyotulia. Kiswahili alikijua kwa kukiokota njiani, na herufi za l na r zilikuwa zikibadilishana viti kinywani mwake. Hakuniuliza cheti. Alinipa sindano na kipande cha pamba. "Pitisha," akasema. Nikapitisha ncha ya sindano juu ya pamba, nyuzi zikanasa. "Basi hiyo itararua mutu. Nenda kwa jiwe."

Sindano zetu zilikuwa za chuma, za kutumiwa tena na tena, na zilinolewa kwa jiwe dogo lililopakwa mafuta. Ukishanoa, unajaribu kwenye pamba. Pamba ikinasa, unarudi kwenye jiwe. Sirinji zilikuwa za kioo, kila pampu na ganda lake, na ole wako uzichanganye, maana pampu ya huyu haiingii kwa yule. Zote zilichemshwa katika kisufuria, na siku ambazo umeme ulikatika na mafuta ya taa yakaadimika, tulichemsha kwa mkaa nje ya dirisha kama wauza mahindi. Chupa za insulini zilikuja za nguvu mbalimbali, na mistari ya sirinji haikujua tofauti. Sista Nakiwala alinifundisha kuisoma chupa kwa sauti kabla ya kuvuta dawa, kama mtu anayesoma jina la marehemu asije akamkosea. Niliona aibu kusoma peke yangu chumbani. Baadaye sikuona aibu tena.

Sukari hatukuipima kwenye damu. Tuliipima kwenye mkojo: matone machache ndani ya dawa ya buluu, unachemsha, unatazama. Ikibaki buluu, hamna sukari. Kijani, iko kidogo. Ikienda njano, machungwa, hadi rangi ya tofali, hapo unajua mambo yameharibika. Nyumbani wagonjwa walitunza chupa zao katika mtungi uliowekwa juu ya mchanga uliolowanishwa. Friji ilikuwa ya watu wa Bugolobi, mtaa wa wenye nacho.

Sasa nije kwenye jambo lililoniweka katika kazi hii maisha yangu yote, nalo ni saa ya sindano na saa ya chakula.

Insulini ya wakati ule, ile safi kama maji ya mvua, ukiichoma sasa haifanyi kazi sasa. Inajikokota chini ya ngozi. Chakula chenyewe hakijikokoti. Ukila kwanza ndipo uchome, sukari inatangulia mbio, na dawa inafika sokoni watu wameshafunga vibanda. Ukichoma ukachelewa kula, dawa inakuta hamna kitu, inaanza kuila sukari iliyomo ndani ya damu, na mtu anatoka jasho, anatetemeka, anakuwa mbishi, anaanguka. Asipopata kitu kitamu upesi, anaweza kufa. Ndiyo maana kanuni ilikuwa choma, subiri kama nusu saa, kula.

Wodini kanuni hiyo ilikuwa rahisi. Kengele ya jikoni ikilia kwamba chakula kimeiva, sisi tunachoma. Mpaka wapishi wapakue, wagombane, wasukume toroli ukumbini hadi kwetu, nusu saa imepita. Uvivu wa wapishi wetu ndio uliokuwa saa yetu, na ulikuwa haukosei. Halafu mgonjwa akiruhusiwa tulimwambia: nenda kafanye vivyo hivyo nyumbani. Kana kwamba kila nyumba ya Kampala ina kengele na toroli.

Kulikuwa na sajini mmoja, mtu mkubwa wa mwili, aliyeletwa kwetu baada ya kuanguka kwenye gwaride. Mlangoni Sista Nakiwala alimzuia. "Bunduki haina kisukari," akasema, "ibaki nje." Mimi nikafumba macho nikisubiri lolote. Sajini akamtazama yule mama mfupi, kisha akamwachia askari wake bunduki, akaingia. Nikamweleza habari ya nusu saa. Akavimba.

"Mimi nakula saa yenye nimetaka. Sindano haiwezi kunipa oda."

"Afande," nikamwambia, "sindano haitoi oda. Inapiga tu."

Akacheka hadi kiti kikalia. Tangu siku ile hakukosa kliniki, na alikuwa mmoja wa wagonjwa wangu watiifu kabisa. Nilimpenda? Sijui. Nilimwogopa na nilimtibu, na mkono wangu haukutofautisha.

Miezi ile ile aliletwa Zuhura. Alikuwa msichana wa shule, miguu myembamba, midomo imekauka, pumzi zake ndefu zikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Baba yake alimbeba mwenyewe mgongoni toka getini. Mzee Athumani alikuwa fundi wa redio mwenye kibanda mjini, mtu wa kwetu Kisugu, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa unapozungumza naye kana kwamba anatafuta stesheni. Mama yake Zuhura, Bi Zainabu, nilimfahamu kwa sura tangu utotoni, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi.

Zuhura alipona, akajifunza upesi. Sindano alijichoma mwenyewe pajani siku chache tu baada ya kupata fahamu, huku akinitania kwamba mkono wangu mzito. Tukamruhusu. Haukupita muda akarudishwa, ameanguka. Tukampa kitamu, akaamka, akaenda. Akarudishwa tena. Daktari akapunguza dawa, mkojo ukawa rangi ya tofali, akaongeza, akaanguka. Kila mara tulimuuliza ulichoma saa ngapi, na kila mara alitujibu sawasawa, mtoto wa watu.

Ndipo Sista Nakiwala alipoketi kitandani pake na kumuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza. "Nyumbani munakura na nani?"

"Na baba," Zuhura akasema. "Tunamngoja."

Sista akanigeukia. "Saada, hao ni watu wako. Nenda kaone."

Nikaenda. Wala sikuhitaji kwenda, ningeweza kukaa nikakumbuka nyumba yetu wenyewe. Kwetu chakula kikipakuliwa kinafunikwa kwa kawa, lile la ukindu lililosukwa kwa rangi, na halifunuliwi na mtu yeyote ila mwenye nyumba. Yeye anakaa, analifunua, anasema bismillahi, ndipo mikono inaingia. Si ukali. Ni heshima, na watoto wanalipenda jambo hilo, maana kufunuliwa kwa kawa ndiko kunakoonyesha kwamba baba amefika na siku imetimia. Mama yangu aliwahi kulala na njaa kwa sababu baba alichelewa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Basi Zuhura alikuwa akichoma sindano mama akipakua, kama tulivyomfundisha. Kisha baba akakutana na kizuizi cha askari barabarani, au mteja mwenye redio na hadithi ndefu. Nusu saa ikawa saa. Wote wamekaa mkekani, wanalitazama kawa, na mtoto anazama hapo hapo mbele ya chakula.

Nilipomweleza Mzee Athumani, alivua kofia akaishika magotini. "Kumbe mimi ndiye ninayemwangusha mwanangu."

"Si wewe, Mzee. Ni ratiba."

"Basi ale mbele. Mimi sina neno."

Zuhura akaruka. "Nile peke yangu jikoni kama mgonjwa?"

"Wewe ni mgonjwa," nikamwambia.

"Mimi ni mtoto wa nyumba hii," akanijibu, na mama yake akakohoa kuficha tabasamu.

Mzee Athumani aliinamisha kichwa akafikiri. Kisha akasema kitu ambacho madaktari wetu wote hawakukifikiria, na si kwa sababu hawakusoma. Ni kwa sababu hawakuwa wakiishi pale. "Mimi nikifika nabisha hodi. Nikishaingia natawadha, naswali, nabadili nguo, nakaa. Hiyo si ndiyo nusu saa yenu? Achome akisikia hodi yangu. Asichome kabla."

Tukajaribu. Sirinji ilichemshwa mapema ikawekwa kwenye sahani safi. Mlangoni, "Hodi wenyewe!" Ndani, "Karibu!" na papo hapo Zuhura anachoma. Baba anatawadha, anaswali, anakaa, anafunua kawa. Mchana alikuja kwa baiskeli, jioni vilevile. Akichelewa, mtoto hachomi na hadhuriki, anangoja tu kama wengine. Miezi ikapita bila kuanguka. Mkojo ukatulia kwenye kijani, mara nyingine buluu. Shavu likajaa, akarudi shule. Sista Nakiwala alisema miguu ya mzee yule inafaa kuliko kengele ya jikoni yetu, na yeye hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Nataka mwelewe hapa, ninyi mnaofundisha wagonjwa. Tulikuwa tumeufunga uhai wa mtoto kwenye hodi ya mtu mmoja, katika mji ambao watu walikuwa wakitoka asubuhi na kutorudi. Hatukuwa na njia nyingine iliyofanya kazi. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mchana mmoja hodi haikuja.

Zuhura alikaa na sahani yake yenye sirinji mpaka alasiri. Jirani wa kibanda, fundi viatu, ndiye aliyeleta habari, akazisemea mlangoni bila kukaa. Walikuja vijana wenye miwani ya jua na redio ndogo, wakasema kubwa yake iko garini, Mzee aje aitazame. Akatoka na bisibisi mkononi. Wakamfungulia mlango wa nyuma kwa adabu. Gari likaondoka.

Wale walioishi miaka ile hawahitaji nieleze zaidi. Kwa ninyi mliozaliwa baadaye: mtu wa namna hiyo hakuwa amekamatwa, maana hakuna kituo kilichokubali kwamba kinaye. Hakuwa amekufa, maana hakuna maiti. Kwa hiyo hapakuwa na matanga, wala hitima, wala ruhusa ya kulia kwa sauti. Majirani walipita mbele ya mlango wa Bi Zainabu wakisalimu haraka haraka. Hawakumchukia. Waliogopa.

Bi Zainabu alizunguka kila kambi na kila ofisi. Akirudi alipika, akapakua, akafunika kwa kawa. Na Zuhura alingoja hodi ndipo achome. Mnaona lilikoelekea. Hakuchoma. Siku chache baadaye walimleta akipumua zile pumzi ndefu, ananuka yale matunda, hajui yuko wapi. Tulikaa naye na chupa ya maji mshipani mpaka akafungua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Amekuja?"

Nilifanya jambo moja ambalo sikumwambia mtu hospitalini. Siku ya kliniki, sajini alipokuja, nilimchoma sindano yake, kisha nikamwambia jina la fundi wa redio. Nikasema ni baba wa mgonjwa wangu, nataka kujua tu kama yuko hai. Akafunga vifungo vya shati polepole. Kliniki iliyofuata aliingia bila utani, akanyoosha mkono, akatazama ukutani.

"Sista," akasema, "ule mutu, usiulize tena. Usiulize mimi, usiulize mutu mwingine."

Niliendelea kumchoma. Nikampa pamba ashikilie, nikaandika tarehe yake ya kurudi.

Jioni nilimpelekea Bi Zainabu maneno hayo kama yalivyo, sikuongeza, sikupunguza. Alikuwa anachambua mchele. Hakusimama. "Amesema usiulize," akasema. "Hajasema amekufa."

"Hajasema, dada."

"Basi."

Na mchele ukaendelea kuchambuliwa. Nilirudi kwangu nikalia mpaka kichwa kikauma, kwa sababu nilijua kwamba amejua.

Tukaipanga upya dawa ya Zuhura. Hakuna hodi tena, tukasema. Mama achungulie saa ya ukutani, mtoto achome, wale. Kwenye saa alikubali. Akachoma vizuri, kila siku, mama amesimama juu yake. Kula ndiko kulikomshinda. Chakula kilikuwa pale, na kawa juu yake, na hakuna mkono ulioliendea. Mama alikuwa anajaribu kumpakulia pembeni katika bakuli, Zuhura analisukuma. Akaanguka. Sukari madukani haikuwepo wakati ule. Maduka ya Wahindi waliofukuzwa yalikuwa yamegawiwa na rafu zake zimebaki na vumbi. Jirani alikata muwa shambani kwake, wakamkamulia mdomoni. Akaamka. Safari nyingine akaanguka shuleni, maana hakuwa amekula mchana, akaletwa kwetu.

Nilikaa naye. Nilikuwa nimekasirika, na sioni haya kusema. "Zuhura, unataka kufa?"

"Hapana, Dada Saada."

"Mbona huli?"

Alichezea shuka muda mrefu. "Nani afunue? Mama akifunua, au baba mkubwa, maana yake mwenye nyumba ni mwingine. Nikila kabla ya baba, ndiyo nimemzika. Wote mnataka nianze mimi."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema wakicheka. Sikuweza kucheka. Nilimpelekea Sista Nakiwala maneno yale, akavua miwani akayafuta machozi kwa ncha ya gauni, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona hivyo. "Bambi," akasema, maskini kwa Kiganda. "Hiyo dawa haiko kwa kabati yetu, Saada. Iko na mama yake. Mwambie."

Nikaenda, nikamwambia Bi Zainabu: kawa lifunuliwe, na ulifunue wewe, na mtoto aone. Hapo ndipo alipopandisha sauti, mwanamke yule asiye na maneno. "Unaniambia nimzike mume wangu kwa mkono wangu? Kaburi liko wapi, Saada? Nionyeshe kaburi, nitalilima hata majani yake." Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni sindano. Nilishuka ngazi zake nikihisi kwamba tutampoteza mtoto huyu, na kwamba si kisukari kitakachomuua.

Ikafika Iddi. Nchi ilikuwa imenyong'onyea lakini Iddi ni Iddi, na ndugu walichanga mchele, mmoja akaleta nyama, wengine ndizi mbivu za kulia pilau. Walinialika mchana. Nilienda na woga wangu wa kazi, nikamkuta Zuhura amevaa gauni jipya lililoshonwa kutokana na la mama yake. Alikuwa ameshachoma, mama alimsimamia, wakati pilau inapakuliwa. Tukakaa mkekani, wanawake upande huu, baba mkubwa wa Zuhura na wanaume wawili upande ule. Sinia likawekwa katikati. Kawa juu yake.

Huyo baba mkubwa, kaka yake Mzee Athumani, alikuwa ndiye mkubwa pale. Tukamtazama. Akanyoosha mkono, ukafika nusu ya njia, akaurudisha. "Mwenye nyumba bado hajafika," akasema, na sauti ikamkatika. Alisema kwa mapenzi. Hakujua anachokifanya. Watu wakainamisha vichwa. Mazungumzo yakajaribiwa, habari za mvua, habari za swala ya asubuhi. Moshi mzuri wa pilau ulikuwa unapenya kwenye ukindu.

Nilikuwa namtazama Zuhura. Kwanza jasho juu ya mdomo. Kisha vidole. Nikasema kwa sauti ya kazi, "Jamani, mtoto huyu ale sasa." Nikachukua ndizi, nikaimenya, nikampelekea mdomoni. Akauma meno. Nikamwambia fungua. Akanisukuma kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, macho yake hayanijui. Mkumbuke, wanangu, sukari ikishuka ubishi unapanda, na mtu wa hali hiyo habishani na wewe. Ni ubongo wenye njaa unaobisha. Usimkasirikie. Lakini pia usimmiminie kitu mdomoni kwa nguvu, atapaliwa. Nilijua hayo yote na mkono wangu ulikuwa na ndizi isiyo na pa kwenda.

"Baba hajaja," Zuhura akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Baba hajaja, baba hajaja."

Bi Zainabu akasimama. Akapita mbele ya wanaume, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akapiga magoti mbele ya sinia na kulifunua kawa kwa mikono miwili. Akaliweka chini, limepinduka. Akamshika binti yake uso.

"Zuhura. Nitazame. Baba yako hatarudi. Baba yako amekufa. Nakwambia mimi, mama yako. Kula."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa katika nyumba ile, wala mtaani kwetu juu ya mtu yeyote kati ya wale waliochukuliwa. Baba mkubwa akashtuka. "Shemeji, usiseme hivyo! Hakuna maiti, hakuna hukumu ya kadhi, huwezi kujitangazia..."

"Kadhi aje akate atakavyo," akasema bila kumgeukia. "Mtoto wangu ale kwanza."

Akaichukua ile ndizi mkononi mwangu, akavunja kipande, akakiweka kwenye midomo ya Zuhura. "Bismillahi," akasema, neno ambalo lilikuwa la mumewe. Midomo ikafunguka. Akatafuna kidogo, akameza. Kipande kingine. Kisha machozi yakaanza kumtoka yule mtoto, kabla hata hajajua analia nini, naye anatafuna. Mama akawa anampa ndizi, kisha tonge la pilau, kisha ndizi. Jasho likakauka. Macho yakarudi, yakamwona mama, na hapo kilio kikawa kilio chenyewe, kwa sauti, cha msiba. Wanawake wote wakaitikia. Ndiyo matanga ya Mzee Athumani, hatukuwa na mengine.

Bi Zainabu alingoja mpaka sahani ya mwanawe imekwisha. Ndipo aliponawa mikono, akainuka, akavua bangili zake na vipuli vyake kimoja baada ya kingine, akanikabidhi mimi niliyekuwa karibu.

"Nitafutieni nguo nyeupe," akawaambia wanawake. "Leo naingia eda."